Somo: Namna ya kuchagua mfumo wa hewa unaorejesha joto nyumbani

Somo hili ni kwa wanachama wanaojenga au kukarabati nyumba nchini Ujerumani, ambako nyumba za siku hizi huzibwa nyufa zote ili joto lisipotee. Mvuke wa mapishi, wa kuoga na wa nguo zinazoanikwa ndani hubaki humo humo, hutua kwenye pembe za kuta zenye baridi, na ukungu mweusi huota. Kufungua madirisha husaidia, lakini joto ulilolilipia hutoka pamoja na hewa. Mfumo huu una feni mbili na kibadilisha joto, ambamo hewa chafu inayotoka hupita ubavuni mwa hewa safi inayoingia, ikaiachia joto lake bila kuchanganyika nayo.

Hatua ya kwanza ni kukadiria kiasi cha hewa. Passivhaus Institut ya Darmstadt, taasisi ya utafiti wa nyumba zinazotumia nishati kidogo sana, hutumia mita za ujazo 30 kwa saa kwa kila mkazi, na kwa upande wa kutoa hewa, 60 jikoni, 40 bafuni na 20 chooni. Kwa hiyo familia ya watu wanne inahitaji 120 za kuingia na 120 za kutoka, na pande hizo mbili lazima zilingane. Nunua mashine inayofikisha kiasi hicho ikiwa bado na akiba.

Hatua ya pili ni kusoma tarakimu mbili kwa pamoja. Ili mashine ipate cheti cha taasisi hiyo, ni lazima irejeshe joto kwa asilimia 75 au zaidi, na isitumie umeme unaozidi wati-saa 0.45 kwa kila mita ya ujazo. Chukua siku ya nyuzi sifuri nje na nyuzi 20 ndani: hewa ile ya mita 120 ikitoka dirishani huondoka na joto la wati 800 hivi, ilhali kwa mashine inayorejesha asilimia 80 utapoteza wati 160 hivi, nazo feni zitakula kama 50.

Hatua ya tatu, yaani mabomba, ndiyo ninayokusihi uikazie kuliko zote, kwa sababu watu huzima mashine nzuri kwa ajili ya kelele tu, na mashine iliyozimwa haina faida hata iwe na cheti gani. Lenga desibeli zisizozidi 25 vyumbani na sebuleni. Mabomba yawe mapana, laini ndani, yenye kona chache, na baada ya mashine pawekwe vizuia sauti. Hewa huingilia vyumbani na kutokea jikoni na bafuni, hivyo acha upenyo wa sentimita moja hivi chini ya kila mlango. Mabomba yanayokwenda nje yafunikwe vizuri, la sivyo yatatoa jasho na kuloanisha dari. Usimalizie malipo ya fundi kabla hajapima hewa ya kila tundu na kukukabidhi karatasi ya vipimo.

Mwisho, hakikisha kuna kipasha joto cha kuzuia barafu, njia ya kukwepa kibadilisha joto wakati wa kiangazi, na vichujio unavyoweza kuvifikia bila ngazi.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, sebuleni nina jiko la kuni. Je, vyote viwili vitakaa pamoja?
Jibu: Vitakaa, ndugu yangu, lakini kwa tahadhari kubwa, kwani feni zikivuta hewa kupita kiasi, moshi wenye sumu hurudi chumbani. Chagua jiko linalovuta hewa yake kutoka nje, pamoja na kifaa kinachozima feni shinikizo la ndani likishuka, na umwone fundi wa dohani wa eneo lako kabla hujanunua chochote.

Swali: Wakati wa baridi midomo yetu hupasuka kwa ukavu. Tufanyeje?
Jibu: Punguzeni kwanza kasi ya feni. Ikiwa bado hamjanunua, tafuteni kibadilisha joto cha utando, ambacho hurejesha sehemu ya unyevu pia.

Swali: Nimepanga ghorofani na hakuna pa kupitisha mabomba.
Jibu: Vipo vifaa vya ukutani vinavyofungwa jozi jozi: kimoja huvuta hewa huku kingine kikitoa, kisha baada ya dakika moja hivi hubadilishana, na joto huhifadhiwa katika kipande cha kauri kilichomo ndani. Kwa kuwa ukuta wa nje utatobolewa, pata kwanza idhini ya maandishi ya mwenye nyumba.