Bastola ya 9mm Ikikwama: Uanzie Wapi Kutafuta Kasoro

Bastola inayojipakia yenyewe ikikwama, chunguza mambo matatu: magazini (kisanduku kinachobeba risasi), risasi, kisha bastola yenyewe. Shika mpangilio huo, kwani magazini ndiyo chanzo mara nyingi zaidi na ndiyo rahisi kubadilisha.

Kabla ya lolote, elekeza mtutu mahali salama na weka kidole mbali na kifyatulio. Chomoa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi (sehemu ya juu inayoteleza) nyuma na kuizuia huko. Ukianza na slaidi, ikirudi itaingiza risasi nyingine kwenye chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa kabla ya kufyatuliwa. Kagua chemba kwa macho, kisha kwa ncha ya kidole. Ukiwa umefyatua na risasi haikulia, subiri sekunde 30 mtutu ukiwa bado umeelekea shabaha, kwa sababu baruti huweza kuchelewa kuwaka. Ukisikia mlio hafifu, acha kabisa: huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu, na kikifuatwa na kingine mtutu unaweza kupasuka.

Andika namba kwenye kila magazini. Kasoro ikiifuata namba 2 peke yake, umeshapata jibu: springi yake imechoka, midomo yake ya juu inayoshika risasi imepinda, au kuna mchanga ndani. Ikitokea kwa zote, badilisha aina ya risasi. Badilisha kitu kimoja tu kila mara, la sivyo hutajua kilichoponya ni kipi.

Ganda likisimama wima kwenye tundu la kutokea, slaidi haikurudi nyuma kwa nguvu ya kutosha. Huenda risasi ni dhaifu, mkono umelegea, au springi ya slaidi ni ngumu mno. Springi hiyo huwasumbua hata watengenezaji: mwaka 2011 kampuni ya Glock ya Austria iliwabadilishia wateja springi za bastola zake za toleo la nne. Ganda likibaki ndani ya chemba, safisha chemba, kisha tazama ukucha unaolivuta kama umelika.

Risasi isipolia, tazama alama ya pini (kijiti kinachogonga risasi) kwenye kitako chake. Alama ikiwa na kina cha kawaida, shuku risasi. Ikiwa hafifu, shuku njia ya pini, na hapa wengi hukosea kwa kumwaga mafuta. Kwenye Glock njia hiyo huachwa kavu, kwa sababu mafuta yakichanganyika na masizi hugeuka utope unaopunguza kasi ya pini.

Usibadilishe springi za kifyatulio ili kiwe chepesi. Uzito wa kukivuta wa takriban kilo 2.5 ambao Glock huweka kiwandani ni sehemu ya usalama, tena ni hesabu inayohusisha vipande vingi kwa pamoja. Tazama SIG Sauer P320, ambayo jeshi la Marekani liliichagua Januari 2017. Agosti mwaka huo watu waliojaribu bastola za kiraia za aina hiyo walionyesha kwamba zikianguka kwa pembe fulani zaweza kufyatuka zenyewe, kwa kuwa kifyatulio kizito kiliendelea kusogea baada ya bastola kugonga sakafu. Kiwanda kilitoa marekebisho ya hiari: kifyatulio chepesi kwa uzani wake, pini nyepesi, na kikatizi cha ziada (kipande kinachotenganisha kifyatulio na utaratibu wa kufyatua). Kwa hiyo unaponunua P320 iliyotumika, muulize muuzaji kama marekebisho hayo yalifanywa, na namba ya bastola ihakikiwe na kiwanda kabla hujalipa.