Kuijenga upya tovuti ndogo ukiwa bado unasoma: nilivyofanya ya shangazi, Pangani

Ukurasa wa mbele wa tovuti ya shangazi ulikuwa na uzito wa megabaiti 31. Abiria aliye kwenye basi njia ya Muheza, mtandao wake umeshuka mpaka megabiti moja kwa sekunde, angesubiri zaidi ya dakika nne ili aone nyumba ya wageni yenye vyumba sita. Hakuna anayesubiri hivyo. Anafunga, anatafuta kwingine.

Mimi nasoma ukadiriaji majenzi, mwaka wa tatu, Dar es Salaam. Sisomi kompyuta. HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, nilijifundisha mwenyewe. Kazi hii niliifanya muhula mmoja, kila Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nne. Naandika kwa ajili ya mwanafunzi mwingine aliyeombwa na ndugu, msikiti, kanisa au kikoba chao awatengenezee tovuti upya, naye hajui aanzie wapi.

Funguo kwanza

Kabla ya kufikiria rangi, tafuta funguo. Ni tatu: jina la kikoa (anwani ya tovuti), seva inayobeba tovuti, na barua pepe iliyotumika kusajilia hivyo viwili. Mara nyingi mwenye tovuti hana hata moja. Ya shangazi ilitengenezwa mwaka 2019 na kijana wa jirani ambaye alisajili jina kwa barua pepe yake mwenyewe, kisha akahama mkoa. Hakuwa na nia mbaya, lakini ilituchukua wiki tatu kumpata na kuhamisha umiliki.

Tafuta jina hilo kwenye huduma ya WHOIS. Utaona lilisajiliwa kupitia kampuni gani na linaisha lini. Tarehe hiyo iandike mahali. Jina lisipolipiwa, baada ya muda mtu mwingine anaweza kulichukua, na kila kadi ya biashara uliyokwisha kuchapisha itakuwa inampelekea yeye wateja.

Ukipata funguo, pakua kila kitu: mafaili, picha, na hifadhidata kama ipo. Nakala moja iwe kwenye kompyuta, nyingine kwenye flashi. Pitia pia Wayback Machine ya Internet Archive uone tovuti ilivyokuwa zamani. Humo nilikuta maelekezo ya njia yaliyoandikwa vizuri kuliko yaliyokuwepo sasa. Kuna mtu aliyafuta akibadilisha kitu kingine, na hakuna aliyejua.

Pima kilichopo

Darasani tunafundishwa kwamba ukipewa jengo la kukarabati, huanzi na nyundo. Unazunguka na futi, unapima chumba kwa chumba, unaandika. Fanya hivyohivyo. Fungua jedwali lenye safu nne: anwani ya ukurasa, kilichomo, kibaki au kiondoke, na anwani mpya. Tovuti ya shangazi ilikuwa na kurasa 23. Saba hazikuwa na kitu ila maneno "inakuja hivi karibuni". Tovuti mpya ina kurasa tano. Jedwali hilo usilitupe, litakuokoa siku ya kuhamia.

Soma maswali ya wateja

Hatua hii ndiyo iliyoamua kila kitu kilichofuata, na ningekuwa na Jumamosi mbili tu ningezitumia zote hapa.

Nilikwenda Pangani wikiendi moja. Nikamwomba shangazi anionyeshe ujumbe wa WhatsApp aliotumiwa na wateja kwa miezi miwili. Sikunakili jina wala namba ya mtu. Nilichora vijiti kwenye daftari: kila swali, kijiti kimoja. Swali lililoongoza lilikuwa njia. Likafuata bei ya chumba cha watu wawili, na kama bei hiyo ina kifungua kinywa. Baada ya hapo kisiwa cha Maziwe, halafu umeme ukikatika inakuwaje. Hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza nyumba ilianzishwa lini. Ukurasa wa zamani, lakini, ulianza na historia ya nyumba, aya tatu nzima, chini ya picha zinazozunguka zenyewe.

Kwa nini njia? Kwa sababu nyumba iko Pangani mjini, kaskazini mwa mto. Anayetoka Dar kupitia Segera na Tanga anafika moja kwa moja. Anayepita Bagamoyo na Saadani anatokea Bweni, ng'ambo ya kusini, na mto uko mbele yake. Simu inamwambia bado mita mia kadhaa, naye anatazama maji na kusubiri kivuko. Kwa hiyo niliandika njia zote mbili, aya moja kwa kila njia, na sentensi inayosema wazi kwamba ukija kwa Saadani utavuka kwa kivuko. Nilipokuwa naandika, daraja lilikuwa bado linajengwa. Habari hiyo nimeiweka sehemu moja tu kwenye tovuti nzima, ili siku mambo yakibadilika nisitafute kurasa tano.

Maziwe ilinifundisha kitu kingine: yapo mambo yasiyofaa kuandikwa. Maziwe ni kisiwa cha mchanga. Maji yakijaa kinafunikwa, yakipwa kinajitokeza, na saa hizo husogea kila siku. Tovuti ya zamani ilisema boti inaondoka saa tatu asubuhi, na shangazi alikuwa akijibu lawama za watu waliofika saa tatu wakati bahari imejaa. Sasa pameandikwa kwamba saa ya kuondoka inafuata maji, ulizia siku moja kabla, na chini yake namba ya simu. Bei ipo. Saa haipo.

Tulibishana jambo moja. Nilitaka mgeni akifungua tu akutane na bei. Shangazi akakataa: "Mwanangu, mgeni hapokelewi kwa bei." Nilifikiri usiku ule nikaona ana haki. Mstari wa kwanza unasema "Karibu Pangani", na picha yake amesimama barazani. Mara chini yake vyumba, bei na simu, na vyote vinaonekana bila kusogeza mbali. Msikilize mwenye tovuti. Wewe unajua mafaili, yeye anawajua wageni wake.

Karatasi, kisha maneno, kisha msimbo

Chora kurasa kwa penseli kwenye vipande vya karatasi vyenye ukubwa wa simu. Karatasi ikishindwa kubeba maneno yako, maneno ni mengi. Halafu andika maandishi yote mpaka yaishe kabla ya kugusa msimbo, yaani HTML yenyewe. Mimi niliandika Kiswahili kwanza, Kiingereza baadaye, kila lugha na ukurasa wake. Weka lang="sw" kwenye ukurasa wa Kiswahili, ili programu inayomsomea asiyeona ijue inasoma lugha gani.

Bei zilizokuwa kwenye picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu, ziandike upya kama maandishi. Picha haitafutiki, haisomwi kwa sauti, na kwenye simu ndogo tarakimu zinageuka vumbi.

Kwenye ujenzi sitakaa sana. Kurasa tano hazihitaji mtambo mkubwa. Nilitumia HTML ya kawaida na faili moja la CSS, linalopanga rangi na mwonekano, na herufi zilizomo tayari ndani ya simu ya msomaji, ili asipakue fonti. Usisahau mstari wa meta wa viewport. Bila huo kivinjari cha simu huuchukulia ukurasa kuwa na upana wa pikseli 980 hivi, kikausinyaza mpaka mtu anavuta kwa vidole viwili. Kama mwenye tovuti anabadilisha habari kila wiki, basi WordPress, mfumo unaomwezesha kuihariri mwenyewe, inafaa. Shangazi hubadilisha bei mara mbili kwa mwaka. Ananitumia ujumbe, nabadilisha mstari mmoja, tumemaliza.

Kiungo cha WhatsApp huandikwa wa.me/255 ikifuatiwa na tarakimu tisa za namba, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Kosea sifuri hiyo na kitufe chako kikubwa cha kijani hakimpeleki mtu popote.

Picha

Zile megabaiti 31 zilikuwa picha nane, zimetoka kwenye simu na kupandishwa zilivyo. Picha ya simu huwa na upana wa pikseli 4000 hivi, na skrini inayoionyesha haihitaji hata nusu yake. Punguza upana uwe 1200, ihifadhi kwa JPEG yenye ubora wa 75 au kwa WebP, aina nyingine ya faili la picha iliyo nyepesi. Programu ya Squoosh inafanya hivyo ndani ya kivinjari, na picha yenyewe haitoki kwenye kompyuta yako. GIMP nayo ni ya bure. Picha ya megabaiti karibu nne ilishuka hadi kilobaiti 120, na nilipoziweka mbili ubavu kwa ubavu kwenye simu, shangazi hakuweza kusema ipi ni ipi.

Baada ya hapo, tano niliziondoa ukurasa wa mbele, zikahamia ukurasa wa vyumba. Tatu zilizobaki, pamoja na maandishi yote, zilifika kilobaiti 420. Mtandao uleule wa megabiti moja unazileta chini ya sekunde nne.

Kila picha ipe vipimo vya upana na urefu ndani ya msimbo, ili maandishi yasirukeruke wakati inashuka. Zilizo chini ya ukurasa ziwekee loading="lazy", ili zishuke msomaji anapozikaribia. Andika pia maelezo ya picha kwenye alt: "Chumba chenye kitanda cha futi tano, chandarua na dirisha la kuelekea mtoni", siyo "picha 3". Na ufute taarifa zilizofichwa ndani ya faili, maana picha ya simu inaweza kubeba mahali hasa ilipopigwa. Kwa nyumba ya wageni hakuna neno. Kwa picha ya nyumbani kwa mtu, lipo.

Ratiba ya mwanafunzi

Mkubaliane mapema, kwa maandishi, hata kama ni shangazi yako. Sisi tuliandika ukurasa mmoja: kurasa tano, lugha mbili, kumaliza kabla ya Desemba, yeye analipia jina, seva na bando langu. Bando ni gharama ya kazi. Usilitoe kwenye bumu, pesa ya mkopo wa masomo.

Ugumu wa saa mbili kwa wiki ni kukumbuka ulipoishia. Dakika kumi za mwisho za kila Jumamosi nilizitumia kuandika kwenye daftari mambo matatu: nimemaliza nini, nimekwama wapi, na jambo la kwanza la wiki ijayo, dogo kiasi cha kuanzwa bila kufikiri. "Punguza picha za chumba namba nne" linaanzika. "Endelea na tovuti" halianziki. Kila hatua niliihifadhi kwenye Git, programu inayotunza matoleo yote ya mafaili, maana ukichoka utafuta kitu unachokihitaji.

Wiki tatu kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, nilisimama kabisa. Iliwezekana kwa sababu tovuti ya zamani ilikuwa bado hewani inafanya kazi yake, na mpya ilikuwa kwenye anwani ndogo ya majaribio. Usibomoe ya zamani kipande kwa kipande. Mtihani ukikukuta katikati, utamwachia mwenye biashara nyumba isiyo na paa.

Jaribu kwa watu, kisha hamia

Nilimpa simu mlinzi wa hosteli yetu, halafu mama anayetupikia chakula. Nilisema neno moja tu: "Tafuta chumba cha watu wawili ni shilingi ngapi." Nikanyamaza. Kunyamaza ni kugumu, mkono unataka kuelekeza. Mama alibonyeza picha ya chumba mara tatu akitegemea ifunguke. Jumamosi iliyofuata picha zote za vyumba zikawa viungo. Tulijaribu juani pia, na hapo kijivu nilichokipenda sana kilipotea kabisa, nikaweka herufi nyeusi.

Kuhamia, chagua Jumanne au Jumatano, mbali na Pasaka na Idi. Toa lile jedwali: kila anwani ya zamani ielekezwe kwenye mpya kwa 301, agizo la seva linalosema ukurasa umehama moja kwa moja, ili aliyehifadhi kiungo asikute ukuta. Hakikisha cheti cha usalama, kinachoifanya anwani ianze na https, kipo. Vya Let's Encrypt ni bure, lakini hudumu muda mfupi, kwa hiyo seva iwe inavihuisha yenyewe. Bonyeza kila namba ya simu kwa mkono wako.

Na uondoe noindex. Nilikuwa nimeiweka kwenye anwani ya majaribio ili injini za utafutaji zisiione tovuti kabla haijaiva, nikahamia nayo. Siku kumi na moja tovuti ya shangazi haikutakiwa kuonekana popote, na agizo hilo nilikuwa nimelitoa mimi. Niligundua nilipoisajili kwenye Search Console, huduma ya Google inayoonyesha tovuti inavyoonekana kwenye utafutaji. Sasa neno hilo ndilo la kwanza kwenye orodha yangu ya siku ya kuhamia, juu hata ya cheti.

Likizo ilipofika nilimpelekea shangazi bahasha: majina ya akaunti, nywila, jina la kampuni ya seva, na ukurasa mmoja wa kumwelekeza mtu mwingine namna ya kubadilisha bei, endapo mimi nitakuwa kwenye mafunzo kwa vitendo mahali pasipo na mtandao. Aliisoma yote, akaniuliza maana ya maneno mawili, akaifungia kabatini pamoja na leseni ya biashara. Tarehe ya kulipia jina tumeiweka kwenye simu yake na yangu, mwezi mmoja kabla.