Kuandika historia ya uchumi wa Kilifi: anza na mipaka

Kazi nyingi kuhusu uchumi wa Kilifi, Pwani ya Kenya, huharibika kabla ya kuandikwa, pale takwimu za wilaya zinapochanganywa na za kaunti. Katika sensa ya 1999 Kilifi na Malindi zilikuwa wilaya mbili: watu 544,303 na 281,552. Matokeo ya 2009 yaliyopangwa kwa kaunti yanaonyesha 1,109,735 kwa jumla. Ukiisahau Malindi, utaandika kwamba watu waliongezeka maradufu katika miaka kumi. Ukiijumlisha, ongezeko ni kama asilimia 34. Chora jedwali la mipaka kwanza, ndipo ujaze idadi.

Ardhi inahitaji muda zaidi. Ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na sheria ya hatimiliki ya 1908 ilimtaka mwenye madai ya shamba ajitokeze ayathibitishe. Wengi waliokuwa wakilima humo hawakupata cheti, wakabaki maskwota. Zaidi ya hayo, Pwani mnazi unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Kwa hiyo unapohoji wazee usiulize tu "shamba ni la nani?" Uliza pia nani aliipanda minazi, nani huiangua nazi, na mgema humlipa nani. Ukiyafanya maswali hayo kuwa swali moja, utamwita tajiri mtu asiye na hata hatua moja ya ardhi, au kinyume chake.

Katika Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, omba ripoti za mwaka za wakuu wa wilaya. Soma za kabla na baada ya 1914, mwaka Wagiriama walipopigana na Waingereza. Chukua bei, kodi na idadi ya vibarua. Hukumu za mwandishi ziweke kando, hasa kuhusu tembo la mnazi (pombe), ambalo kwa mkoloni lilikuwa uvivu na kwa familia nyingi lilikuwa fedha.

Kwa korosho, tenga safu ya mavuno na safu ya ubanguaji. Kiwanda cha Kilifi kilifungwa miaka ya 1990, lakini mavuno ya korosho hayakukoma.

Kuanzia 2013, Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti utakuambia kilichokusudiwa tu. Kilichotumika kitafute katika ripoti za Msimamizi wa Bajeti, na pato la kaunti katika takwimu za KNBS (Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya), safu ya bei zisizobadilika. Safu ya bei za sasa huonyesha mfumuko wa bei kana kwamba ni ukuaji.