Kabla Hujafungua Duka la Mtandaoni: Cheti cha Usalama na Njia ya Pesa

Kama duka lako linafunguliwa wiki ijayo na hujui cheti chako cha usalama kinaisha lini, ahirisha. Nimewahi kukaa siku nne napokea pesa za watu bila kuwatumia mzigo wao, na sikuwa na habari. Nitaeleza ilikuwaje, lakini mambo mepesi tuyamalize kwanza.

Cheti hicho, yaani faili linalothibitisha kwamba tovuti ni ya kweli na kuwezesha mawasiliano yake kusimbwa (kufichwa asiyasome mwingine), lazima uwe nacho. Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome humwambia mteja waziwazi kwamba tovuti isiyo na HTTPS, yaani mawasiliano yaliyolindwa kwa cheti, si salama, na mteja akishasoma hivyo haulizi, anaondoka. Cheti cha bure kinatosha. Let's Encrypt wanavitoa kwa umma tangu Desemba 2015, na data za mteja husimbwa kwa nguvu ileile ya cheti cha kulipia. Ukishawishiwa ununue cha bei kubwa ili jina la kampuni yako litokee kwa kijani juu ya ukurasa, kataa. Chrome na Firefox ziliacha kuonyesha jina hilo mwaka 2019. Cheti kitaje jina la tovuti lenye www na lisilo na www. Seva, yaani kompyuta inayoendesha tovuti yako, isikubali matoleo 1.0 wala 1.1 ya TLS (utaratibu unaosimba mawasiliano ya HTTPS), zilishastaafishwa rasmi mwaka 2021, acha 1.2 na 1.3. HTTPS iwe kwenye kila ukurasa, si ukurasa wa malipo peke yake, maana aliyekaa katikati ya mawasiliano anaweza kubadilisha kitufe cha "Lipa" kwenye ukurasa usiolindwa na mteja akapelekwa kwingine kabla hajafika kwako.

Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina lako na kwa barua pepe yako, si ya fundi. Hilo halina mjadala.

Kusasisha cheti usikufanye kwa mkono. Cheti cha kawaida cha Let's Encrypt kinaishi siku 90. Vyeti vingine viliwahi kuruhusiwa kuishi hadi siku 398, lakini muda huo unakatwa: kuanzia tarehe 15 Machi 2026 mwisho ni siku 200, tarehe kama hiyo mwaka 2027 ni siku 100, na mwaka 2029 ni siku 47. Mwenye kutegemea kumbukumbu ya kichwa hatafika huko salama. Weka programu ya kusasisha yenyewe, halafu ikague, kwa sababu programu inaweza kuleta faili jipya na seva ikaendelea kutoa cheti cha zamani mpaka uiambie isome upya. Na usingoje kukumbushwa: Let's Encrypt waliacha kutuma barua pepe za tahadhari Juni 2025. Weka kengele yako mwenyewe, ilie wiki mbili kabla, kwenye simu za watu wawili.

Sasa lile lililoniunguza.

Cheti changu wakati huo kilikuwa cha kulipia na kilibakiza siku mbili. Nikakisasisha mwenyewe, usiku, nimechoka. Walionipa cheti walituma mafaili mawili: la kwanza lilikuwa cheti cha tovuti yangu, la pili kile wanachokiita cheti cha kati. Nikabandika la kwanza. Nikafungua duka kwenye kompyuta yangu, alama ya kufuli juu ya ukurasa ipo, tarehe mpya ipo. Nikalala.

Kufuli ile ilinipumbaza. Cheti cha tovuti hakisimami peke yake. Kimesainiwa na cheti cha kati, na cha kati kimesainiwa na cheti mzizi, ambacho ndicho kilichomo tayari ndani ya kompyuta na simu za watu. Seva yako inatakiwa itoe cha kwako pamoja na cha kati, ili anayekagua apande pete kwa pete mpaka kwenye mzizi. Mimi nilikata pete ya katikati. Kivinjari changu hakikulalamika kwa sababu vivinjari vingi vina huruma: pete ikikosekana, huitafuta vyenyewe au hutumia iliyohifadhiwa kutoka tovuti nyingine. Programu za seva kwa kawaida hazina huruma hiyo. Zikikuta mnyororo umekatika, zinakata mawasiliano.

Na ni seva gani iliyokuwa inahitaji kuongea na duka langu? Ya kampuni ya malipo. Mteja akishalipa, kampuni hiyo hutuma ujumbe wa uthibitisho kwenye anwani maalumu ndani ya tovuti yako: oda namba fulani imelipwa. Duka likiupata, linageuza oda kuwa "imelipwa" na mzigo unatoka. Ujumbe usipofika, duka halijui kitu, ingawa pesa imeshakatwa.

Asubuhi nilikuta oda tatu zimeandikwa "inasubiri malipo". Sikushtuka, watu huanza kununua wakaghairi. Siku ya pili zilikuwa tisa, nikadhani biashara imepoa tu. Siku ya tatu mama mmoja akaniandikia: "Nimelipa mara mbili, mbona kimya?" Akaambatanisha picha ya skrini: meseji mbili za benki, moja juu ya nyingine, kiasi kilekile mpaka senti ya mwisho, zimepishana dakika sita. Unaona kabisa alivyosubiri dakika zile sita, akaona duka bado linamdai, akalipa tena. Nikatazama kwenye mfumo wangu, oda yake haijalipwa. Nikamjibu kwa adabu kwamba kwetu malipo yake hayaonekani, awaulize benki yake.

Jibu hilo linaniuma kuliko cheti chenyewe. Pesa yake ilikuwa kwangu, mara mbili, na mimi namtuma akazunguke benki.

Siku ya nne ndipo nilipofungua akaunti yangu upande wa kampuni ya malipo. Malipo yote yalikuwepo. Chini ya kila moja, mistari myekundu imepangana: ujumbe haujafika, jaribio la kwanza, la pili, la tano, na sababu yake ni moja, cheti hakiwezi kuthibitishwa. Tahadhari walikuwa wametuma kwa barua pepe tangu siku ya kwanza, zikaenda kwenye anwani ya fundi aliyeniunganishia mfumo, ambaye tulishaachana naye. Kubandika faili la pili kulinichukua dakika kumi. Kusafisha uchafu kulinichukua wiki tatu. Mfumo wangu ulikuwa umewekwa kufuta oda zisizolipwa baada ya saa 24 na kurudisha bidhaa stoo, kwa hiyo bidhaa nyingine nilikuwa nimeziuza mara ya pili. Nikarudisha pesa, na makato ya kampuni ya malipo hayakurudi. Wawili walikuwa wameshapinga malipo kwenye benki zao kabla sijawafikia, na kila pingamizi lina ada yake. Yule mama nilimpigia mwenyewe kumwomba radhi. Alipokea, lakini hakununua tena.

Kwa hiyo kabla hujafungua, na kila mara cheti kinapobadilishwa, fanya haya. Pima tovuti yako kwa kipimo cha bure cha SSL Labs, usome sehemu inayohusu mnyororo wa vyeti. Ikisema haujakamilika, usiendelee. Fungua duka kwa simu ambayo haijawahi kulifungua. Kisha fanya ununuzi wa kweli, wa bidhaa ndogo kabisa, kwa pesa yako, na ukae uangalie mpaka oda igeuke "imelipwa" bila wewe kugusa chochote. Kuona kufuli si kupima. Tahadhari za kampuni ya malipo ziende kwenye barua pepe unayoisoma kila siku. Mfumo wako nao usikae kusubiri kuambiwa tu: kabla haujafuta oda, uiulize kampuni ya malipo kama pesa imeingia. Na kila jioni linganisha namba tatu, yaani oda zilizolipwa dukani, malipo kwenye akaunti ya kampuni ya malipo, na kilichoingia benki. Ningelinganisha jioni ya kwanza, yule mama asingelazimika kuniandikia.

Mteja akikwambia amelipa, anza kutafuta kwako.

Ujumbe huo wa uthibitisho una hatari nyingine. Anwani unakofikia iko wazi kwenye intaneti, na yeyote anayeijua anaweza kutuma "imelipwa". Ndiyo maana kampuni za malipo huweka saini kwenye ujumbe. Duka lako lazima liikague, na lihakikishe kiasi kilicholipwa ni kile cha oda. Bei ikokotolewe kwenye seva yako, usichukue ile iliyotoka kwenye kivinjari cha mteja, kwa sababu huko anaweza kuibadilisha. Ukurasa wa "Asante kwa kununua" si risiti. Mtu anaweza kuufungua bila kulipa hata senti. Na ujumbe mmoja unaweza kuja mara mbili, hasa baada ya majaribio kurudiwa, kwa hiyo namba ya muamala ikishashughulikiwa isishughulikiwe tena, la sivyo utatuma mizigo miwili. Funguo za majaribio, yaani misimbo inayounganisha duka na mfumo wa kujaribia wa kampuni ya malipo, ziondoke kabla ya kufungua. Namba za kadi za majaribio zimeandikwa kwenye miongozo ambayo kila mtu anaisoma, na duka lililosahau kubadilisha funguo linatoa bidhaa bure.

Namba za kadi za wateja usizishike kabisa. Mteja ajaze kwenye ukurasa au fomu ya kampuni ya malipo yenyewe, zisipite kwenye seva yako. Kanuni za PCI DSS, yaani kanuni za usalama za kampuni za kadi, zinakuhusu hata ukiwa na duka la bidhaa kumi, ila mzigo wake unapungua sana usipogusa kadi. Ile namba fupi ya usalama ya kadi hairuhusiwi kuhifadhiwa baada ya malipo kuidhinishwa, hata ikiwa imesimbwa. Mteja akikutumia picha ya kadi yake kwa meseji, ifute, mwombe naye aifute, umtumie kiungo cha malipo.

Halafu kuna skripti, vipande vya programu vinavyoendeshwa ndani ya ukurasa. Kila kitu kidogo unachobandika kwenye tovuti, cha kuhesabu wageni, cha kuchati, cha matangazo, kinaweza kusoma anachoandika mteja kwenye ukurasa huo. Mwaka 2018 wezi walibadilisha skripti moja kwenye tovuti ya shirika la ndege la British Airways, data za kadi zikawa zinakwenda kwenye tovuti yao, ambayo nayo ilikuwa na cheti halali. Kufuli ilikuwepo mwanzo hadi mwisho. Data za wateja zaidi ya 400,000 ziliguswa, na mwaka 2020 mamlaka ya Uingereza ikalitoza shirika hilo faini ya pauni milioni 20. Kama wao wamepitiwa, wewe kwenye ukurasa wa malipo acha kile tu kisichoepukika. PCI DSS ya sasa inataka skripti za ukurasa huo ziorodheshwe na zichungwe, na sehemu hiyo ni lazima tangu tarehe 31 Machi 2025.

Mengine unayajua, ila yafanye leo. Washa hatua ya pili ya kuingia (msimbo wa ziada baada ya neno la siri) kwenye akaunti ya malipo, ya jina la tovuti na ya barua pepe, zote tatu. Plagini (programu ndogo za nyongeza) usizozitumia zing'oe. Funguo za siri zisitumwe kwenye gumzo la kikundi. Nakala ya hifadhidata ikae nje ya seva, na ujaribu kuirejesha angalau mara moja. Fundi akimaliza kazi, badilisha funguo na maneno ya siri siku hiyohiyo, hata kama mmeagana vizuri. Usibadilishe kitu chochote cha malipo Ijumaa jioni, wala usiku umechoka kama nilivyokuwa. Na ukiona mauzo yameshuka ghafla bila sababu, fungua akaunti ya malipo kabla hujaanza kulaumu soko.