Kumtembeza mbwa kwenye njia ya reli ya zamani: mwongozo kutoka Monsal Trail

Kwetu Nakuru, mbwa kazi yake ni kubweka getini usiku. Mama aliponiona kwenye video nikimpakia Bosko maji, chakula na taulo, akauliza kama huyo mbwa anaenda shule ya bweni. Haendi popote zaidi ya Monsal Trail, hapa Derbyshire, Uingereza, ninakoishi. Nimeipita na Bosko mara nyingi kiasi cha kujua pale wageni wanapokosea.

Njia hiyo ina urefu wa kilomita 13 na ushee, kutoka Bakewell hadi Chee Dale, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Peak District. Zamani ilikuwa sehemu ya reli kati ya London na Manchester. Reli ilifungwa 1968, na mwaka 1981 ikageuzwa njia ya watembea kwa miguu. Treni haiwezi mlima mkali, maana gurudumu la chuma huteleza juu ya reli. Kwa hiyo wajenzi walivitoboa vilima na kuyavuka mabonde kwa madaraja, na ndiyo maana leo unatembea kwenye tambarare. Tambarare hiyo ndiyo mtego: hakuna kilima cha kukukumbusha kwamba umechoka, na kilomita ulizokwenda zote zinakusubiri uzirudie.

Hatua ya 1: Anza na kipande kifupi. Mara ya kwanza toka Bakewell hadi stesheni ya zamani ya Hassop, kama kilomita moja na nusu, kisha geuka. Hakuna handaki hapo. Mbwa akizoea, jaribu Millers Dale hadi daraja la Headstone, takriban kilomita 5 kwenda. Mimi humtazama Bosko: kawaida hunitangulia. Akianza kutembea sambamba nami, tunarudi, hata kama daraja linaonekana. Mtoto wa mbwa ambaye hajakomaa mifupa, muulizie kwanza daktari wa mifugo.

Hatua ya 2: Mvalishe mkanda wa kifuani, usitegemee kola. Kola ibaki shingoni, maana sheria ya Uingereza inataka iwe na jina na anwani ya mwenye mbwa anapokuwa mahali pa umma. Lakini kamba ifunge kwenye mkanda wa kifuani. Mbwa akiogopa hurudi kinyumenyume, na kola humtoka kichwani kama kofia. Kamba iwe ya kawaida, mita moja na nusu hadi mbili. Zile za kujivuta zenye uzi mwembamba ziache nyumbani. Mwendesha baiskeli hauoni ule uzi mpaka umeshamkata.

Hatua ya 3: Mfundishe handaki kabla ya kulipita. Hapa usiharakishe. Njia ina mahandaki sita, na marefu zaidi ni Headstone (mita 487), Litton (mita 471) na Cressbrook (mita 431). Kwa miaka mingi yalifungwa kwa ajili ya usalama, yakafunguliwa mwaka 2011. Mchana kuna taa, lakini jioni huzimwa, kwa hiyo beba tochi.

Kwako wewe handaki ni giza na ubaridi kidogo. Kwa mbwa ni masikio: kengele ya baiskeli, mtoto anayepiga kelele asikie mwangwi, matone ya maji, vyote vinamjia kutoka pande zote. Siku yetu ya kwanza Headstone nilimburuta Bosko kwa kola, nikidhani akishaingia atatulia. Katikati mtoto alipiga yowe, kola ikabaki mkononi mwangu, na mbwa akatoweka. Nilimkuta mdomoni mwa handaki, ameshikwa na bibi mmoja mwenye baiskeli ambaye hakusema neno, alinitazama tu.

Sasa nafanya hivi. Simama nje, kama mita kumi kutoka mlangoni, umpe vipande vya kuku mpaka alegeze mkia. Ingieni hatua tano, mpe kuku, tokeni. Halafu kumi. Kutoka ni muhimu kuliko kuingia, kwa sababu anajifunza kwamba njia ya kutokea ipo. Akikataa kuku, hofu imezidi. Ishieni hapo siku hiyo. Mkianza kulipita, shikeni upande wa kushoto, mbwa awe kati yako na ukuta. Sisi ilituchukua Jumamosi tatu.

Hatua ya 4: Fupisha kamba kila mtu anapopita. Baiskeli, farasi na wenye viti vya magurudumu wote wana haki ya njia hii. Usisubiri mbwa akuoneshe nia yake. Rafiki yangu wa Mombasa hutembea nasi, naye hataki mate ya mbwa yaguse nguo yake ya kuswalia; kamba fupi imetunza urafiki wetu.

Hatua ya 5: Maji na joto. Sehemu nyingi njia iko wazi, na changarawe ya chokaa huakisi jua. Mpe maji kidogo kidogo kabla hajahema sana. Akianza kuyumba au kutapika, mmwagie maji mwili mzima kwanza, ndipo umkimbize kwa daktari. Mto Wye uko chini yako, na ni kishawishi. Lakini kama umempaka dawa ya viroboto ya matone siku za karibuni, asiingie: dawa hiyo huua wadudu wa mtoni.

Hatua ya 6: Ukiacha njia, unaingia kwa mkulima. Vijia vingi vya pembeni hupita malishoni. Kondoo wakiwapo, kamba. Kwenye ardhi ya wazi, sheria inataka kamba isiyozidi mita 2 kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai, ndege wanapotaga chini. Ng'ombe wakiwafukuza, mwachie mbwa. Wanamtaka yeye, na yeye ana mbio kuliko wewe. Kinyesi kiweke kwenye mfuko wa plastiki na urudi nacho. Mfuko uliotundikwa mtini haujaokotwa.

Hatua ya 7: Mkifika nyumbani. Suuza nyayo, chokaa hukauka kati ya vidole na kumwasha. Kisha tafuta kupe: masikioni, kwapani, kati ya vidole. Kwetu Nakuru tulizoea kumpaka kupe mafuta ya taa. Usifanye hivyo, wala usimchome kwa kiberiti, maana anaweza kutapikia ndani ya jeraha. Mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, umvute polepole bila kumminya tumbo. Ukimaliza kwa mbwa, kunja suruali yako ujikague na wewe.