Jinsi ya Kurekebisha Maikrofoni ya Kupimia Spika za Nyumbani

Maikrofoni ya kupimia ni chombo cha vipimo kama ilivyo mizani, na mizani ambayo haijahakikiwa haifai kuamua bei ya chochote. Mtu anayetaka kujua kama spika zake zinatoa besi iliyozidi, au kama ni sebule yake ya Kisauni inayoizidisha, hana budi kwanza kuhakikisha kwamba maikrofoni yenyewe inasema kweli. Kazi hiyo ina sehemu mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kiwango cha sauti, yaani kama desibeli 80 zinazosomeka kwenye skrini ndizo desibeli 80 zilizomo chumbani. Ya pili ni mwitikio wa masafa, yaani kama maikrofoni inapokea besi, sauti za kati na sauti kali kwa usawa. Kwa vipimo vya nyumbani naipa sehemu ya pili uzito mkubwa zaidi, kwa sababu mchoro wa vipimo kwenye skrini uliosogea wote kwa desibeli 2 bado unasomeka vizuri, ilhali mchoro wenye kilima cha desibeli 3 kilichotokana na maikrofoni utakufanya uhangaike kurekebisha spika isiyo na hitilafu.

Anza na faili la marekebisho, yaani orodha ya makosa ya maikrofoni yako kwenye kila masafa. Maikrofoni kama UMIK-1 ya miniDSP au EMM-6 ya Dayton Audio huwa na namba yake maalumu, na kwa namba hiyo unapakua kutoka tovuti ya mtengenezaji faili la maandishi lenye safu za masafa na desibeli. Usitumie faili la maikrofoni nyingine hata kama ni ya aina ileile, kwa kuwa mbili zilizotoka kiwanda kimoja huweza kutofautiana waziwazi kwenye sauti kali. Pakia faili hilo kwenye programu ya kupimia. Room EQ Wizard ya John Mulcahy hupatikana bure na inatosha kabisa. Kisha hakikisha alama za kujumlisha na kutoa zimeeleweka. Ikiwa faili linasema maikrofoni imezidisha desibeli 3 kwenye kilohezi 15 (mitetemo 15,000 kwa sekunde), mchoro uliopimwa kwa faili hilo lazima ushuke desibeli 3 mahali hapo ukilinganishwa na ule uliopimwa bila faili. Ukipanda badala ya kushuka, faili linasomwa kinyume, na kila kipimo kitakachofuata kitakuwa na kosa maradufu.

UMIK-1 ina mafaili mawili, la nyuzi 0 na la nyuzi 90. La kwanza hutumika ncha ya maikrofoni inapoelekezwa kwenye spika, na la pili inapoelekezwa darini. Kwenye besi hutaona tofauti, lakini kwenye sauti kali tofauti hufika desibeli kadhaa. Kwa hiyo amua kwanza mwelekeo wa maikrofoni, ndipo uchague faili.

Kiwango cha sauti hurekebishwa kwa kalibreta, kifaa kidogo chenye tundu ambacho hutoa mlio wa kilohezi 1 kwa desibeli 94, sawa na mgandamizo wa paskali 1. Zima kwanza kwenye kompyuta kila kitu kinachoongeza au kupunguza sauti chenyewe. Kama maikrofoni inatumia kadi ya sauti, washa umeme wake wa volti 48, weka kitufe cha kuongezea sauti mahali pake, na ukibandike selotepu ili kisisogee, maana kikisogea hata kidogo kazi yote inaanza upya. Ingiza ncha taratibu huku ukiizungusha mpaka raba ya tundu iikamate pande zote. Ukiisukuma kwa ghafla, hewa iliyonaswa ndani hugandamiza utando wa maikrofoni unaopokea sauti, na utando huo ni mwembamba mno. Subiri namba itulie, kisha iambie programu kwamba hiyo ndiyo desibeli 94. Chomoa, ingiza tena, usome upya. Masomo yakipishana kwa zaidi ya desibeli 0.2, raba haijakaa sawa au kipenyo cha ncha hakilingani na tundu, na utahitaji adapta.

Wanaoazima pistonifoni, kalibreta ya aina nyingine inayotumia pistoni na kutoa hezi 250 kwa desibeli 124, wakumbuke kwamba mlio wake hufuata mgandamizo wa hewa ya mahali. Hapa Mombasa, kwenye usawa wa bahari, marekebisho yake ni madogo sana. Nairobi, iliyo juu zaidi, kifaa hichohicho hutoa pungufu ya zaidi ya desibeli 1.5.

Asiye na faili wala njia ya kulipata anaweza kulinganisha maikrofoni yake na nyingine iliyokwisha kurekebishwa, kwa mfano ya rafiki mwenye studio. Hapa utulivu ndio kila kitu. Kiyoyozi na pangaboi vizimwe, kwa sababu upepo wa feni hutikisa utando kwenye masafa ya chini. Madirisha yanayoelekea barabara ya tuktuk yafungwe, na kazi ipangwe nje ya saa za adhana. Nyumba za Mji wa Kale zenye kuta nene za mawe ya matumbawe huzuia kelele za nje vizuri, ila kuta hizo na sakafu za vigae hurudisha mwangwi mwingi, kwa hiyo spika iwekwe katikati ya chumba juu ya stendi.

Pima kwa maikrofoni ya kwanza ikiwa na faili lake. Iondoe, weka yako bila faili palepale ilipokuwa ncha, upime, kisha rudisha ya kwanza na uipime tena. Vipimo viwili vya ile ya kwanza vikipishana kwa zaidi ya desibeli 0.5, kuna kilichobadilika, mara nyingi koili ya spika iliyopata joto, na inafaa kusubiri. Vikilingana, toa kipimo cha maikrofoni ya kwanza kwenye cha yako: kinachobaki ndicho faili lako. “Palepale” ichukuliwe kwa uzito wake wote, kwa kuwa katika joto letu la nyuzi 30 sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde, na wimbi la kilohezi 10 lina urefu wa sentimita 3.5 tu. Kata mwangwi kwa dirisha la muda, yaani iambie programu ichukue tu sauti ya milisekunde chache za mwanzo kabla mwangwi haujafika. Dirisha la milisekunde 5 halikupi jambo la kuaminika chini ya hezi 200. Kwa besi, sogeza ncha karibu sana na koni ya spika, maana hapo mchango wa chumba huwa mdogo mno.

Unyevu na chumvi ya pwani ni maadui wa maikrofoni hizi. Itunze kwenye kopo linalofunga vizuri lenye vifuko vya silika jeli, na ukiitoa kwenye chumba cha kiyoyozi iache izoee joto la nje kabla ya kuiwasha, isije ikashika matone ndani. Andika kila somo la kalibreta pamoja na tarehe yake. Likihama kwa desibeli 1 ilhali kitufe hakijaguswa, usilisahihishe kwa kubadilisha namba kwenye programu. Tafuta kwanza sababu kwenye kebo, raba na kapsuli, yaani kile kichwa cha maikrofoni chenye utando.