Krosi za propela kwenye Hiace ya zamani

Wenye Hiace za zamani, ukiweka gia ya rivasi ukasikia "tak!" chini ya sakafu, usikimbilie kulaumu gia boksi. Anza na krosi za propela, yaani viungo vya umbo la msalaba kwenye shafti inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi matairi ya nyuma. Zima gari, weka vizuizi kwenye matairi, ingia chini, shika shafti kwa mikono miwili uizungushe huku na huku. Krosi iliyo nzima, isiyolika, haichezi hata kidogo. Ukiona unga mwekundu wa kutu kwenye vikombe vyake, grisi iliisha zamani, sindano za beringi zinasagana kavu.

Krosi yenye nipeli (kichuchu cha kuingizia grisi) ipige grisi mpaka ile mpya itokeze pande zote nne. Upande mmoja ukigoma, hapo ndipo itakapofia. Isiyo na nipeli ni ya kubadilisha tu.

Kabla ya kufungua, piga alama ya rangi kwenye flenji (sahani ya chuma inayofungwa kwa bolti) na shafti, ili virudi vilivyokuwa. Wengi hupuuza hili, kisha gari linatetemeka kwenye mwendo na lawama anapewa muuza spea. Vikombe visukume kwa vaisi (jiliwa), si nyundo: sindano moja ikilala ndani, kazi yote unarudia.